Aliyenuna Akae Hapa

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeajiriwa kuwa mkono. Si mwandishi, si mchambuzi – mkono!

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ameanguka kutoka kwenye stuli akipangusa vumbi juu ya kabati. Mkono wa kulia umefungwa plasta mpaka kwenye kiwiko. Sisi humwita Rula. Kazi yake ni kuchora ramani za majengo, na hata mkate anaukata kama anagawa viwanja. Alikuwa katikati ya kutengeneza violezo vya kitabu cha picha cha mama yao, ambaye Jumapili ya tarehe 16 anatimiza miaka themanini. Kipanya cha kompyuta hakimtii mkono wa kushoto. Akaja mpaka mlangoni kwetu, maana yeye na mama wanaishi mtaa wetu huu huu, nyumba ya pili baada ya duka la dawa.

"Bwana Hoja, nahitaji mkono," akaniambia. "Kichwa kiache hapa hapa."

Nikaenda. Kumbe kiolezo ni ukurasa usio na picha! Masanduku ya kijivu, moja kubwa, manne madogo, mahali pa kuandika maneno mawili matatu, basi. Kila mtu wa ukoo atapelekewa faili, ataweka picha zake juu ya yale masanduku, na picha itavaa umbo la sanduku kama mtu aliyeazima koti. Halafu zote zitarudi kwa Rula zichapwe kitabu kimoja.

Mimi! Mtu niliyewahi kushambulia kwa safu nzima ya gazeti watu wanaoishi kwa kujaza nafasi walizochorewa na wengine! Leo nimechora nafasi tangu asubuhi. Mgongo unauma. Nimefurahi kuliko ninavyotaka kukiri.

Jumanne, 4 Machi

Matabaka. Programu hii ya kuhariri picha inafanya kazi kwa matabaka, na nilipolisikia neno nikakaa wima, tayari kwa mapambano. Nimeandika dhidi ya matabaka maisha yangu yote! Rula akasema haya ni mengine. Haya ni kama karatasi za nailoni zilizolaliana, kila moja ina kitu chake, na ya juu inaifunika ya chini.

Nikamwambia hayo ndiyo yale yale.

Tukagombana pia juu ya mapambo. Ana ghala zima la maua, vipepeo, vifungo vya shati, na vipande vya mkanda wa kubandikia ambao haubandiki chochote kwa sababu ni picha ya mkanda. Chini ya mkanda anataka kivuli. Kivuli cha uongo cha mkanda wa uongo! Nikamsomea mashtaka. Akasikiliza mpaka mwisho, akapiga mwayo, akasema bila kivuli picha zitaonekana zinaelea kama mizoga. Na vivuli vyote, kwenye kurasa zote, viangukie upande mmoja, chini kulia, "maana jua ni moja, Bwana Hoja, hata kwenye kompyuta."

Jua ni moja! Natafuta jinsi ya kuliingiza hilo kwenye safu ya wiki hii bila kumtaja.

Maua nimekataa. Amekubali ua moja, pembeni. Mke wangu anasema nimeshindwa, kwamba alianza na maua kumi ili abakiwe na hilo moja. Inawezekana.

Jumatano, 5 Machi

Safu nimeipeleka. Mhariri anaomba nipunguze matusi. Nimepunguza. Yamebaki ya kutosha.

Alhamisi, 6 Machi

Leo ndipo penyewe. Ukurasa wa mwisho.

Mama mkwe alikuwa amekaa nyuma yetu anamenya chungwa. Kila ukurasa tukimwonyesha anasema mzuri, mzuri, kwa sauti ya mtu anayesubiri basi. Tulipofika wa mwisho, wa watoto wote, akaweka kisu chini. Akasema hataki keki, hataki kitenge, hataki hotuba – hapo akanitazama mimi. Anataka picha moja tu, yeye na wanawe watatu, wote wazima ndani ya picha moja. Akarudia: wazima.

Rula akatazama ukuta.

Niandike jinsi ilivyo. Wako watatu: Mkubwa, ambaye ni daktari wa meno, kisha mke wangu, kisha Rula. Mwaka jana, siku ya kuzaliwa ya mama, Mkubwa aliweka picha ya familia kwenye kundi la simu la ukoo. Mama yumo, Mkubwa yumo, mke wangu yumo, hata paka wa jirani yumo. Rula ni bega moja na hereni. Akauliza kwenye kundi, mbele ya watu wote: umenikata? Mkubwa akajibu kwa alama ya kucheka.

Basi! Tangu siku hiyo hawajasemeshana. Rula anasema amekatwa – na anavyolitamka neno lile, humsikii mtu aliyeondolewa kwenye picha, unamsikia mtu aliyeondolewa kwenye ukoo. Anayemuuguza mama ni yeye, anayempeleka hospitali ni yeye, na picha ikipigwa anabaki bega! Mkubwa naye hajaomba radhi, maana hajui kosa ni lipi. Kazini amezoea kuongea na watu waliofunguliwa mdomo, wasioweza kujibu.

Kwa hiyo sanduku kubwa la ukurasa wa mwisho halina picha ya kuingia. Picha hiyo haipo duniani.

Na hata umbo lake limetugombanisha. Rula anataka mraba, kwa kuwa kitabu chenyewe ni mraba. Mimi nikasema liwe pana, la kulala, kutoka ukingo hadi ukingo. Watu waliokosana wanahitaji nafasi! Mmoja asimame huku, mwingine kule, mama katikati, kila mtu na heshima yake. Akasema ukurasa utaumiza macho. Nikamwambia mraba ndio uliomkata, kwa sababu simu ya Mkubwa hupunguza picha kuwa mraba.

"Haukunikata mraba," akasema. "Kimenikata kidole."

Akanyoosha mkono wa kushoto, akabonyeza alama ya kufuli. Tabaka limefungwa. Sanduku ni mraba na halisogei.

Ijumaa, 7 Machi

Kazi ya leo, maneno ya kushikia nafasi. Kila kiolezo kina mahali pa maelezo, na lazima pakae maneno fulani ili mtu aone ukubwa wa herufi, kisha ayafute aweke yake. Rula akaniambia andika chochote, tena haraka, yeye anakagua mistari.

Andika chochote! Kuniambia hivyo mimi ni kumwambia fundi cherehani ashone chochote. Siwezi kuandika upuuzi usio na maana. Upuuzi wenye maana naweza. Nikaandika:

Ukurasa wa wajomba – "Hapa weka mjomba kabla hajaanza kukopa."

Ukurasa wa watoto wadogo – "Hapa aliyetulia. Kama hayupo, acha wazi."

Ukurasa wa mama na wakwe – "Hapa mkwe, akiwa amefumba mdomo. Picha adimu."

Nikawa nacheka peke yangu. Rula anauliza nini, nasema hakuna kitu. Akaanza kunifokea, eti herufi zimepishana na ukingo kwa nukta mbili, eti mkono ameomba na mkono wenyewe hauna macho. Alifoka! Kwa ajili ya nukta! Midomo imevimba kama mandazi. Nikafika ukurasa wa mwisho, juu ya ule mraba wake aliouzuia kwa kufuli, nikaandika kwa herufi kubwa:

ALIYENUNA AKAE HAPA. AKICHEKA, MTOENI.

Nitayafuta kesho.

Jumamosi, 8 Machi

Sikuyafuta.

Rula alikagua kila ukurasa mara ya mwisho, kwa jicho moja amefumba. Lakini yeye anatazama mistari, hatazami maneno. Akasema safi, tuma. Nikatuma. Ukoo mzima! Kundi zima! Nikaenda kunywa chai kama mtu aliyemaliza kazi.

Simu ikaanza kutetemeka mezani. Binamu mmoja anauliza mjomba gani anakopa. Mjomba anauliza hilo hilo, kwa ukali zaidi. Shangazi yao ameandika kwamba mkwe aliyefumba mdomo yeye hajawahi kumwona.

Halafu mtu akanyofoa ule ukurasa wa mwisho peke yake, akauweka kwenye kundi na alama za macho.

Simu ikaacha kutetemeka. Ukoo ule huwa haunyamazi hata kwa dawa.

Mke wangu alikuwa anapiga pasi. Akaisoma, akazima pasi kabisa, akachomoa na waya. Akaniuliza polepole nimefanya nini. Nikasema ni maneno ya kushikia nafasi. Akasema nafasi imeshika kweli.

Jumapili, 9 Machi

Rula amekuja, plasta mbele kama rungu. Nikajiandaa kwa kifo.

Akakaa. Akasema nimefanya ujinga mkubwa, siku nane kabla ya sherehe, na hatanikabidhi tena kipanya. Kisha akainamisha kichwa na mabega yakaanza kutikisika. Anacheka! "Umempatia," akasema. "Mdomo wake ndivyo ulivyo tangu utotoni. Umempatia kabisa."

Anadhani nimemsema Mkubwa.

Nimemmiminia chai bila kumsahihisha. Tazama neno lenyewe: aliyenuna. Mwanamume au mwanamke? Kiswahili hakisemi! Ziko lugha ambazo zingenisaliti hapo hapo, kwa herufi moja. Nimepigana na wasomi wanaodai lugha yetu haina makali ya kutofautisha. Kumbe kutotofautisha kwake ndiko kumeniokoa shingo. Nitaiandikia safu! Hapana. Siwezi kuiandikia safu.

Mke wangu kaniuliza jioni, kwa utulivu wa mpelelezi: "Wewe bwana, ulimkusudia nani?" Nikasema mwandishi hafafanui kazi yake. Akasema tangu lini, wakati kila wiki natumia safu moja kufafanua iliyopita.

Jumatatu, 10 Machi

Mkubwa amepiga simu. Amenipigia mimi, si mke wangu. Nyuma yake nilisikia mashine ya meno, halafu ikazimwa.

"Shemeji. Aliyenuna ni mimi?"

Nikasema ni maneno tu. Akasema usinifanye mtoto, kila mtu amejua ni mimi, hata msaidizi wangu amecheka. Kisha akaanza kujitetea bila kushtakiwa, na mimi nikasikiliza, kazi ngumu kuliko zote. Anasema hajanuna. Anasema picha ile simu iliipunguza yenyewe, yeye hakuona mpaka Rula alipouliza. Akadhani ni utani, ndiyo maana akacheka. Alipojua si utani siku zilikuwa zimepita, na akaona haya kumpigia mtu kumwomba radhi kwa bega.

"Nimekaa nikisubiri aniambie," akasema. "Yeye anasubiri nimwambie. Sasa wewe umetuandikia herufi kubwa."

Nikamwambia aje Jumapili. Akasema atakuja kwa mama. Nikasema sanduku ni moja. Akasema mgonjwa anamsubiri mdomo wazi.

Nimekata simu nikiwa na hamu ya kugombana na mtu yeyote. Nimempigia mhariri.

Jumatano, 12 Machi

Haya sasa!

Mkubwa amejaza kiolezo. Amerudisha ukurasa wa mwisho kwenye kundi, na ndani ya ule mraba ameweka picha ya zamani ambayo hakuna aliyejua kama anayo. Yeye mwenyewe, mtoto wa miaka sita hivi, kaptura imepanda mpaka kifuani, anatazama kamera kwa chuki kamili. Mdomo wa chini umetoka nje kiasi kwamba ungeweza kuuwekea kikombe. Maneno yangu ameyaacha juu yake vile vile. ALIYENUNA AKAE HAPA.

Kundi limelipuka. Shangazi ameandika huyo alinuna kwa sababu alikatazwa kuvaa viatu vya baba yake. Mjomba amesamehe yote.

Nilikuwa kwa Rula ilipoingia. Amenirudishia kipanya jana, bila kusema kwa nini. Aliiangalia simu. Akacheka mpaka akakaa chini sakafuni, mkono wenye plasta juu, kama mtu anayevuka mto na mzigo. Mama akaja kuuliza kulikoni, akaonyeshwa, naye akacheka akifuta macho kwa ncha ya kanga.

Halafu Rula akakumbuka kwamba amekasirika. Niliona kabisa, ni kama kuona mtu akivaa koti. Akainuka, akajifuta, akasema picha haijakaa vizuri, ameivuta upande mmoja, uwiano umeharibika. Watu wasiojua kazi wasiguse.

Lakini hakuifuta. Amenifanya niinyooshe, nukta kwa nukta, mpaka yule mtoto akarudi umbo lake. Kisha akasema niweke kivuli. Chini kulia.

Ijumaa, 14 Machi

Mkubwa anakuja Jumapili. Kamwambia mke wangu.

Rula anasema Jumapili kichwa kitamuuma. Nikamuuliza amejuaje tangu leo. Akasema anaujua mwili wake. Picha atapiga yeye, kwa hiyo hatakuwemo, na hilo limekwisha. Nikamuuliza kwa mkono upi. Nikaongeza kwamba anajikata mwenyewe sasa, kwa kidole chake mwenyewe, na anataka tumlaumu nani?

Akaanza kupanga kalamu mezani kwa mkono wa kushoto, ndefu hadi fupi. Hata sikufurahia kama nilivyotarajia.

Mama alikuwa jikoni anasikia kila neno. Akaanza kuimba.

Jumapili, 16 Machi

Naandika sebuleni kwa mama mkwe, mchana, daftari magotini, mbele yao. Nimeamua kuandika maana nisipoandika nitasema, na nimekatazwa kusema na watu watatu.

Kichwa cha Rula hakikuuma. Amevaa gauni la bluu, na plasta ameifunga kitambaa cha rangi ile ile. Mkubwa kafika na mkewe na watoto, akasalimia nyumba nzima kwa ujumla. Rula akaitikia kwa ujumla. Wajukuu wametolewa nje na maputo yao. Kamera ni ya Rula, ameitega mwenyewe kwa mkono wa kushoto ipige mraba, akanipa mimi. Mkwe ndiye mpiga picha, hilo halikuwa na ubishi.

Basi wakajipanga. Mama kwenye kiti. Mke wangu nyuma yake. Mkubwa akaenda kusimama dirishani. Rula kwenye rafu ya vitabu. Kati yao lingepita gari la mizigo likageuka!

Nikaweka jicho. Nikiwapata mama na Mkubwa, Rula ni bega. Nikimpata Rula, Mkubwa ni sikio. Nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Nikawaambia ukweli: fremu ni mraba. Mkisimama hivyo lazima mmoja akatwe. Sogeeni.

"Yeye ndiye mdogo," akasema Mkubwa, akiliambia dirisha.

"Mgonjwa hasogezwi," akasema Rula, akiviambia vitabu.

Mke wangu akasema maneno ambayo sitayaandika. Nikasema kama fremu ingekuwa pana, kama nilivyoshauri tangu mwanzo – wote watatu wakaniambia ninyamaze. Kwa pamoja! Sauti moja! Nimeweka kamera mezani, nimekaa, nimechukua daftari.

Hakuna aliyeondoka. Hakuna aliyesogea. Wamesimama kama masanduku ya kijivu.

Mama ananiuliza ninaandika nini. Nimemwambia safu, mama. Anasema basi andika kwamba miguu yake inamuuma, imevimba tangu asubuhi, hakuna aliyemuuliza.

Mkubwa ametoka dirishani. Amepiga magoti, anaishika miguu, anaibonyeza kwa kidole gumba. Anasema inyanyuliwe, anavuta stuli.

"Si hiyo stuli!" Rula huyo, ametoka kwenye rafu. "Hiyo ndiyo iliyonivunja mkono! Ina mguu mfupi!" Kaja na mto. Anasema mto uwe chini ya kifundo, si chini ya kisigino. Mkubwa anasema yeye ni daktari. Rula anasema wa meno! Mkubwa anauliza ndani ya plasta anajikuna kwa kitu gani. Anasema kwa rula. Mkubwa amecheka. Anamwambia asithubutu, atajichubua, alete aone. Ameushika mkono ule. Rula hajauondoa. Wanabishana kuhusu mto, vichwa vimekaribiana, mke wangu amewainamia wote wawili, analia au anacheka, sioni vizuri.

Wote wamo. Kutoka hapa nilipo, wote wanne wamo ndani ya mraba na nafasi inabaki. Hakuna hata mmoja anayetazama huku, ila mama.

Kamera iko mezani, mbali kidogo na mkono wangu. Nikiinuka kiti kitalia. Kiti hiki hulia! Mama ananitazama, miguu hewani, haimuumi hata kidogo, nauona uso wake, ananionyesha meza kwa jicho –